Jinsi ya kuzisoma domeni za protini inayorusha jeni: tunafanya na Mos1, hatua kwa hatua

Kila muhula maswali ni yaleyale. "Programu imeniambia hii ni transposezi, kwa hiyo jeni yangu inaruka, si ndiyo?" "Domeni (sehemu ya protini yenye kazi yake) ya kukata inaanzia wapi?" "Mbona D ya tatu siioni?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja usiku kwenye simu, sasa nimeamua kuyaweka yote hapa. Ukifuata mpaka mwisho utakuwa umeichambua transposezi moja nzima, yaani kimeng'enya kinachokata kipande cha DNA na kukihamishia sehemu nyingine, kwa mkono wako mwenyewe, na ukikwama utajua umekwamia hatua ya ngapi.

Kabla ya yote shika hili. Programu ikikuwekea kisanduku cha rangi kilichoandikwa jina la transposezi, imekutajia ukoo tu. Haijakwambia kama huyo wa ukoo yu hai au alishakufa zamani. Jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, zimejaa transposoni mfu (transposoni ni kipande cha DNA kinachoruka kutoka sehemu moja kwenda nyingine), karibu nusu ya jenomu yetu sisi binadamu ni mabaki ya hivi vitu na nyingi mno haziruki tena, kwenye mahindi mabaki hayo yanafika kama asilimia 85. Kwa hiyo kazi yako haijaisha pale jina linapotokea, hapo ndo inaanza: unaenda kuangalia zile herufi chache zinazofanya kazi kama bado zipo, alafu unaangalia ncha mbili za hicho kipande cha DNA.

Kwa nini Mos1? Kwanza ni fupi, ina jozi za besi 1286 tu kutoka mwanzo hadi mwisho. Pili jeni yake haina introni (vipande vya katikati ya jeni visivyoingia kwenye protini), ukitafsiri unapata protini moja kwa moja bila kuunganisha vipande. Tatu umbo lake limeshapigwa picha kwa kristali, utaliona kwa macho. Na ni jirani yetu wa bahari moja, imetoka kwa inzi wa matunda wa kisiwa cha Morisi, Drosophila mauritiana. Mwaka 1986 Jacobson, Medhora na Hartl walieleza kipande cha kwanza cha jamii hii, mariner, kilichokuwa kimejipachika ndani ya jeni ya rangi ya jicho, inzi akawa na macho ya rangi ya pichi badala ya mekundu. Wengine walikuwa na macho ya madoadoa, kwa sababu kipande kilikuwa kinachomoka kwenye seli moja moja inzi akiendelea kukua, na penye seli hizo rangi ilirudi. Hayo madoadoa ndo yaliyoipa Mos1 jina lake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Laptopu, au hata simu kwa hatua za kutafuta, ila ukifika kwenye kuhesabu herufi simu itakutesa. Bando la kawaida linatosha, hakuna cha kuinstoli. Fungua kurasa tatu na uziache wazi: NCBI (hazina ya sikwensi, yaani mfululizo wa herufi za DNA na protini), UniProt (hazina ya protini) na InterPro (inayotambua domeni). Watu bado wananiuliza Pfam, ile orodha ya koo za domeni, imeenda wapi, Pfam haina tena tovuti yake, imeingizwa ndani ya InterPro, utaikuta humo humo.

Notipedi pia, na fonti iwe ile ambayo herufi zote zina upana sawa, kama Courier. Hili dogo lina maana, maana ukihesabu kwenye fonti ya kawaida herufi I ni nyembamba na W ni pana, jicho linaruka.

Daftari na kalamu. Nasema kweli, andika kwa mkono.

Na herufi za asidi amino, zile punje zinazojenga protini, uzijue angalau hizi tatu: D ni asidi aspatiki, E ni asidi glutamiki, N ni asparajini. Zingine utazizoea njiani.

Nadharia, kidogo tu

Transposoni ya aina ya kata-bandika inabeba jeni moja muhimu, ya kutengeneza kimeng'enya kiitwacho transposezi. Hicho kimeng'enya kina kazi mbili kubwa na kila kazi ina domeni yake. Domeni ya mbele inashika DNA, yaani inazitambua ncha za transposoni yake na si nyingine. Domeni ya nyuma inakata na kubandika. Ndani ya hiyo ya nyuma kuna asidi amino tatu zilizokaa mbalimbali kwenye mstari lakini protini ikijikunja zinakutana sehemu moja, zinashikilia ioni za magnesiamu, na hapo ndo DNA inakatwa. Kwa kawaida ni D, D na E, ndo maana watu wanasema domeni ya DDE. Kwenye ukoo wa mariner ya tatu ni D badala ya E, wanasema DDD.

Wanaouliza hii inasaidia nini kwenye maisha: kimeng'enya ambacho virusi vya UKIMWI vinakitumia kujibandika kwenye DNA ya mtu, integrezi, kina umbo hilohilo na herufi hizohizo, D namba 64, D namba 116, E namba 152. Dolutegravir iliyomo kwenye kidonge cha TLD, ambacho wagonjwa wengi hapa kwetu wanameza kila siku, inafanya kazi kwa kwenda kuzing'ang'ania hizo ioni mbili za magnesiamu pale kwenye D, D na E. Ukielewa Mos1 umeelewa dawa hiyo inagusa wapi. Mimi hili lilinifanya niipende hii kazi kuliko kitu kingine chochote.

Basi, nadharia imeisha.

Hatua ya 1: Shusha sikwensi

Nenda NCBI, upande wa nyukleotaidi, tafuta Mos1 pamoja na jina la inzi, Drosophila mauritiana. Chagua rekodi yenye kipande kizima, urefu karibu na 1286. Ishushe kwa mtindo wa fasta (maandishi matupu ya herufi), ifungue kwenye notipedi, ihifadhi kwa jina linaloeleweka, sio "new1 final". Alafu nenda UniProt utafute transposezi ya Mos1, hiyo ishushe pembeni, itakuwa jibu la kusahihishia, usiifungue bado.

Onyo: ukitafuta mariner peke yake utapata mamia ya rekodi za wadudu wa kila aina na nyingi ni vipande vilivyokatika. Kwa mazoezi baki na Mos1. Ukishaweza hii njoo na mbu wako au mahindi yako.

Hatua ya 2: Jua umeshika DNA au protini

Najua inaonekana kama jambo la mtoto, lakini nusu ya meseji za "imegoma" zinatoka hapa. Mstari wenye A, C, G, T tu ni DNA. Mstari wenye M, W, K, L, F na wenzao ni protini. InterPro kwenye kisanduku cha kutafutia kinataka protini. Na ole wako ukichanganya N: kwenye DNA N maana yake herufi haikusomeka, kwenye protini N ni asparajini halisi.

Hatua ya 3: Tafsiri DNA iwe protini

Fungua ORFfinder ya NCBI, bandika DNA yako, iache isome fremu zote sita (njia sita za kuzisoma herufi tatutatu). Itakupa vipande vingi vifupi na kimoja kirefu. Kwa Mos1 kirefu kina asidi amino 345, kinaanza na MSSFVPN. Piga hesabu haraka: 345 mara 3 ni 1035, jumlisha 3 za kodoni ya kusimamisha (herufi tatu zinazosema protini iishie hapa), 1038. Transposoni ina 1286, kwa hiyo zilizobaki 248 ndo ncha mbili na maeneo ya pembeni ya jeni. Fanya hii hesabu kila mara kwa transposoni ambayo jeni yake haina introni, maana ikikataa kulingana kuna kitu hakipo sawa, ama rekodi imekatika ama umechukua fremu isiyo yake.

Kosa la kawaida: mtu anachukua kipande cha kwanza kwenye orodha bila kuangalia urefu wala fremu. Lingine: anaikuta nyota katikati ya protini anaifuta ili mstari uwe "msafi". Usifute! Hiyo nyota ni kodoni ya kusimamisha, ni habari, pengine ndo habari kubwa kuliko zote utakayopata siku hiyo.

Hatua ya 4: Ipitishe InterPro

Bandika hiyo protini ya 345, subiri dakika chache, ikichelewa usirudie kubonyeza, acha ukurasa wazi uendelee na mambo mengine. Majibu yanakuja kama mstari mrefu na visanduku vya rangi chini yake. Utaona upande wa mbele kisanduku cha HTH, hiyo ni domeni yenye helisi mbili na kona katikati, ya kushikia DNA, kwa Mos1 Pfam wanaiita HTH_48. Upande wa nyuma utaona Transposase_1.

Hapa simama kidogo. Kisanduku cha Transposase_1 hakifuniki domeni nzima ya kukatia, kinafunika sehemu yake tu. Wengi wakiona kisanduku kifupi wanaandika "protini imekatika". Hapana, haijakatika. Kilicho kifupi ni kipimo cha Pfam, protini yako ni nzima na mwisho wake uko palepale, 345. Mipaka ya kisanduku isome kama makadirio, sio kama ukuta.

Na ile thamani ya E iliyoandikwa pembeni (sio E ya asidi glutamiki, hii inakadiria jibu kama hilo lingetokea mara ngapi kwa bahati tu), kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo jibu linavyoaminika. Ikija na sifuri nyingi baada ya nukta unaendelea kwa amani, ikija 0.5 au 2 usijenge chochote juu yake.

Hatua ya 5: Angalia mbele, domeni ya kushika DNA

Mos1 ina HTH mbili zimefuatana, kuanzia mwanzoni mwa protini hadi karibu na namba 112. Programu inaweza kukuonyesha moja tu. Baada ya hapo kuna shingo inayounganisha mbele na nyuma, na ndani yake kuna herufi sita ambazo ukoo wa mariner unazitunza sana: WVPHEL, kwenye Mos1 ni namba 119 hadi 124. Tumia kitufe cha kutafuta cha notipedi, andika WVPHEL. Ukiipata umejua umepita mbele na unaingia kwenye domeni ya kukatia.

Hatua ya 6: Zitafute D tatu

Hii ndo roho ya kazi, kaa vizuri. Protini ina D nyingi, Mos1 ukizihesabu zote utachoka, sasa utajuaje ni zipi? Kwa majirani zake. Kila D ya kazi imezungukwa na herufi ambazo hazibadiliki sana ndani ya ukoo. Tafuta vipande hivi vitatu kwenye notipedi, kimoja kimoja:

TGDEKW
HDNAPSH
YSPDLAPSDYH

Kwenye cha kwanza, D yenyewe ni namba 156. Kwenye cha pili ni namba 249. Cha tatu kina D mbili, angalia vizuri, kuna ya YSPD na kuna ya PSDY. Inayokata ni ya pili, ile ya PSDY, namba 284.

Hiyo D ya uongo ilinigharimu mimi siku mbili. Niliweka alama kwenye ya YSPD, hesabu ikanipa 29, nikaanza kusaka kwenye machapisho ukoo wenye umbali wa 29 kana kwamba nimegundua kitu kipya, kumbe nilisimama herufi tano kabla ya mlango. Kwa hiyo ukipata 29 kwenye ukoo wa mariner, usifurahi kwanza, rudi uangalie uliweka kidole wapi.

Hatua ya 7: Hesabu umbali

Chukua kipande hiki cha Mos1 ukinakili kwenye daftari, kutoka D ya pili hadi D ya tatu:

D NAPSHTARAV RDTLETLNWE VLPHAAYSPD LAPS D

Nimezigawa kumikumi katikati ili uone. Kumi, kumi, kumi, nne: 34. Hizo ni herufi zilizo KATI ya D na D, zenyewe hazihesabiwi. Ndo maana ukoo huu unaandikwa DD34D.

Kosa linalorudi kila mwaka: mtu anachukua 284 anatoa 249 anapata 35, anaandika DD35D. Ukitumia namba, toa alafu punguza moja tena: 284 kutoa 249 ni 35, punguza 1, ni 34. Jaribu na integrezi ya UKIMWI niliyokutajia juu, 152 kutoa 116 ni 36, punguza 1, 35, na kweli huwa inaandikwa DD35E. Kati ya D ya kwanza na ya pili ya Mos1 ni 92, hiyo hesabu ifanye mwenyewe kwa njia zote mbili, ya kidole na ya kutoa, zikipatana umeiva.

Kwa nini tunasumbuka na namba hii? Kwa sababu inatofautisha ndugu. Ukoo wa Tc1, ambao ni pacha wa mariner, una DD34E. Sleeping Beauty, ile transposoni ambayo mwaka 1997 watafiti waliifufua kwa kulinganisha mabaki yaliyokufa ndani ya jenomu za samaki wakasahihisha herufi zilizoharibika, ina D 153, D 244 na E 279. Toa, punguza moja, utapata 34 tena, ila mwisho ni E.

Hatua ya 8: Rudi kwenye DNA uangalie ncha

Wengi wanaishia kwenye protini. Lakini transposezi nzima isiyo na ncha za kukata haina cha kurusha. Fungua tena ile faili ya 1286. Ncha za Mos1 zina herufi 28 kila upande, na upande wa kulia ni kama wa kushoto uliogeuzwa kichwa chini miguu juu, kwenye uzi wa pili wa DNA. Zikisomwa zote kutoka nje kwenda ndani ziko hivi:

kushoto: CCAGGTGTACAAGTAGGGAATGTCGGTT
kulia:   TCAGGTGTACAAGTATGAAATGTCGTTT

Zipange moja juu ya nyingine kama nilivyofanya, tafuta zinapotofautiana. Ni sehemu nne. Kwa hiyo usitegemee ncha zifanane asilimia mia, na usiitupe transposoni kwa sababu ya tofauti nne.

Sasa angalizo kubwa: kwenye faili lako mwisho wa kulia hautauona umeandikwa hivyo, kwa sababu faili linaonyesha uzi mmoja. Ukitafuta CAGGTGTACAAGTA mwishoni hutaipata. Tafuta TACTTGTACACCTG, hiyo ndo ileile iliyogeuzwa na kubadilishwa, A kwa T, C kwa G. Tovuti nyingi zina kitufe cha kugeuza, lakini mara ya kwanza geuza kwa mkono.

Nje kabisa ya ncha, kama sikwensi yako ina DNA ya jirani, utakuta TA upande huu na TA upande ule. Mariner wanapenda kuingia penye TA, na wakiingia hiyo TA inakuwa mbili. Hizo mbili si sehemu ya transposoni, usizihesabu ndani ya 1286.

Mos1 ikichomoka inakata uzi mmoja palepale mwisho wa transposoni na uzi wa pili inaukata herufi 3 ndani. Kwa hiyo inaacha nyuma herufi 3 zake katikati ya zile TA mbili. Ukikuta jeni yenye TA, vitu vitatu, TA, mahali ambapo wenzake wana TA moja tu, hapo palikuwa na mgeni, akaondoka.

Hatua ya 9: Ione kwa macho

Fungua databesi ya maumbo ya protini, PDB, andika 3HOS. Hiyo ni Mos1 ikiwa imeshika ncha mbili za DNA, kazi iliyotoka mwaka 2009. Bonyeza kuona kwa umbo la pande tatu, zungusha taratibu. Utaona protini mbili, sio moja. Washa mstari wa sikwensi juu, bonyeza 156, alafu 249, alafu 284. Kwenye karatasi ziliachana herufi 92 na 34, hapa zimekaa pamoja kama vidole vitatu vimebana punje ya chumvi.

Alafu fuata uzi wa DNA: protini iliyoshika ncha ya kushoto kwa domeni yake ya mbele sio inayoikata, ncha hiyo inakatwa na mwenzake. Kila mmoja anashika ya kwake na kukata ya mwenzie. Maana yake kukata hakukamiliki mpaka ncha zote mbili ziwe zimeletwa pamoja.

Hatua ya 10: Andika hukumu, na uiandike kwa adabu

Ukiwa na fremu isiyokatika, HTH mbele, D tatu zote kwenye majirani zao, umbali 34, ncha mbili na TA nje, unaandika: "inaweza kuwa hai". Usiandike "inaruka". Ile ya kwanza ya macho ya pichi, ya mwaka 1986, ina urefu uleule wa 1286 na inakaribia kufanana kabisa na Mos1, lakini peke yake hairuki, mpaka iazime transposezi ya Mos1. Kuruka kunathibitishwa maabara, kwenye inzi au kwenye chupa, kompyuta inakuambia tu kama kuna haja ya kujaribu.

Ukihama Mos1: koo nyingine kwa ufupi

Wanaofanya mahindi, Ac, ile ya Barbara McClintock aliyepewa Nobel mwaka 1983, ni ya ukoo wa hAT. Mbele ina kidole cha zinki kiitwacho BED, mwisho kabisa ina domeni ya kushikana yenyewe kwa yenyewe. Wanaofanya mbu wa malaria, Anopheles gambiae, nao wana hAT yao inaitwa Herves. Ncha za nje za hAT tafuta herufi 8 zilizorudiwa, sio TA. Elementi P ya inzi ina domeni ya THAP mbele na pia inarudia 8. PiggyBac inaingia kwenye TTAA na ikitoka haiachi alama.

LINE-1 ya binadamu usiitafutie DDE kabisa. Hiyo inaruka kwa kunakili kupitia RNA, protini yake kubwa ina asidi amino 1275, mbele kuna domeni ya kukata DNA na katikati kuna riversi transkriptezi, ya kuandika RNA iwe DNA. Humo tafuta FADD, D mbili zimeshikana, sio tatu zilizoachana. Helitroni nazo hazina DDE, hazina ncha zilizogeuzwa na hazirudii herufi zinapoingia, ukizichambua kwa mwongozo huu utazitupa bure.

Ikigoma

*InterPro haijaleta kitu.* Rudi hatua ya 2. Kama ni protini kweli na bado hamna kitu, ipeleke kwenye utafutaji wa HMMER, au angalia kama umekata mwanzo wake bila kujua.

*ORFfinder inanipa vipande viwili vifupi badala ya kirefu kimoja.* Chukua DNA yote uipeleke kwenye BLAST ya aina ya blastx, inayotafsiri fremu zote yenyewe. Ikiwa mwanzo unafanana na transposezi kwenye fremu ya 1 na mwisho unafanana kwenye fremu ya 3, kuna herufi imepungua au imeongezeka katikati. Hiyo kopi imekufa, au sikwensi yako ilisomwa vibaya. Angalia ubora wa usomaji kabla hujaizika. Na kama kiumbe wako ana introni kwenye jeni hiyo utaona vipande hivyohivyo, kwa hiyo linganisha na RNA kama ipo.

*D ya tatu siioni.* Mara nyingi ni hAT. Kwenye Hermes ya inzi wa nyumbani D ni 180 na 248, alafu E iko 572 huko! Katikati pameingizwa domeni nyingine nzima yenye helisi tupu. Hesabu ya 34 haifanyi kazi hapo, linganisha na Hermes yenyewe.

*D ya tatu ipo mahali pake lakini imeandikwa N.* Hongera, huenda umekutana na transposezi iliyofugwa, yaani ambayo kiumbe ameigeuza kwa kazi yake mwenyewe. Binadamu tunayo moja, SETMAR, ni transposezi ya mariner iliyoungana na jeni nyingine kwa mababu wa nyani na sisi, na D yake ya tatu imegeuka N. Bado inashika DNA vizuri, kukata kwa ukamilifu imepoteza. Usiiandike kama takataka.

*Ncha zipo, protini haipo.* Hiyo ni kawaida, kwenye mahindi Ds iko hivyo, inasubiri transposezi ya Ac. Andika kuwa haijitegemei, na utafute ndugu yake mzima kwenye jenomu hiyohiyo.

*Namba zangu zinapishana na za kitabu kwa moja au kumi.* Angalia protini yako inaanza na M ipi. Ukianzia M ya pili, kila namba inateleza. Kwa Mos1 ukiona mwanzo sio MSSFVPN, hapo ndo pa kurekebisha.

Na ukitaka nikusaidie, tuma sikwensi kama maandishi, sio picha ya skrini, maana herufi za kwenye picha siwezi kuzihesabu wala kuzitafuta. Weka jina la kiumbe, urefu wa DNA, urefu wa protini, na namba za D tatu ulizopata, hata kama unahisi umekosea.